Mshitarii Hupumzika Jumapili

Nilipotundika waya wangu wa kusikilizia sayari, mtu wa kwanza kuutumia alikuwa jirani, aliyeanika juu yake kanga na shuka la kitanda. Sikumlaumu. Mwalimu mzima wa fizikia anatoka kwake Jumamosi asubuhi, anapanda ngazi, anavuta waya wa shaba kutoka mkorosho huu hadi mkorosho ule, halafu anasimama chini kuutazama kwa furaha. Wewe ungemwonaje? Yeye aliona kamba ya kuanikia, akanipongeza kwamba hatimaye nimeanza kujali nyumba.

Nikamweleza kwamba ule ni waya wa kunasa mawimbi ya redio yanayotoka kwenye sayari ya Jupita. Akaitikia, haya mwalimu, kwa ile sauti ambayo watu wa Newala huiweka akiba kwa ajili ya walevi na wataalamu, akaondoa kanga zake. Shuka aliliacha mpaka likauke.

Sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa na Baba, jambo ambalo wakati mwingine halina tofauti kubwa.

Baba anaishi Masasi, mtaa wa Mkomaindo, pamoja na mdogo wangu wa kike. Ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mtoto wa mwalimu wa misheni, na kwetu mtoto asiyeshika chaki huulizwa anaumwa nini. Maisha yake yote aliamka kabla ya kengele ya kanisa, akasimama uani na kikombe cha chai ya rangi, akatazama juu, kisha akarudi ndani kutangaza habari: Zuhura yupo, Mirihi yupo, Mshitarii amepanda. Mshitarii ndiye Jupita. Baba hakulikubali kamwe hilo jina la pili, alisema ni la watu wa sekondari. Watoto wa darasa la tano, miaka nenda rudi, walijifunza sayari kwa kusimamishwa uani kwetu jua halijachomoza, meno yakigongana, na aliyekosea aliambiwa neno moja tu: futa. Aliambiwa hivyo hata kama hakuwa ameandika kitu.

Halafu presha ya macho ikamwondolea nuru, polepole, naye akiificha kama mtu anayeficha deni, mpaka siku alipommiminia mgeni chai mapajani. Tulipompeleka kwa daktari hapakuwa na cha kuokoa.

Macho yalipokwisha alirudi kitandani. Hakulalamika. Angelalamika tungejua la kufanya, maana ukoo wetu unajua kushughulika na walalamikaji. Aliacha kwenda kanisani, aliacha kukaa barazani, akaacha hata kukosoa Kiswahili cha watangazaji wa redio, na hapo ndipo mdogo wangu alipoogopa kweli. Akanipigia simu kwamba Baba anakula ili asisumbuliwe tu, na akiulizwa anataka nini anajibu hataki kitu, anasubiri. Sote wawili tulijua anasubiri nini.

Nikashuka Masasi. Nikakaa pembeni mwa kitanda, shikamoo, marahaba, kimya. Nikamwambia siku hizi Mshitarii amepanda alfajiri, anang'aa juu ya milima.

"Unaniambia ili iweje?" akasema. "Kwangu mimi hayupo tena."

Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa hasira, na nimeirithi kwa huyohuyo aliyelala pale. Mtu aliyetupigisha baridi miaka yote akitufundisha kwamba mbingu hazimsubiri mtu azitazame ndipo ziwepo, leo anageukia ukutani na kuifuta sayari nzima kwa sababu macho yake yameshindwa. Nikamwambia Mshitarii ana kelele, tena kelele zinazonaswa na redio ya kawaida, na kwamba nitamsikilizisha kwa masikio yake mwenyewe. Nilisema hivyo kabla sijajua nitafanyaje.

Kelele zenyewe ni za kweli, sikuzitunga. Jupita ana usumaku mkali kupita sayari zote za jua letu, na mwezi wake mmoja wa karibu, uitwao Io, huzunguka ndani ya usumaku huo ukiuvuruga. Umeme wa kutisha hupita kati yao. Io akifika upande fulani, na Jupita naye akiwa amegeuza ubavu unaotakiwa, hulipuka mawimbi ya redio ya masafa mafupi, yaleyale ambayo zamani Baba alisikilizia taarifa za habari za nchi za mbali. Muda mzuri ni kabla ya mapambazuko, hewa ya juu kabisa ikiwa imelegea na kuyaachia mawimbi yapite. Kinachohitajika ni waya, redio na subira. Mimi nilikuwa na waya na redio.

Redio ilikuwa ya Baba mwenyewe, ile yake ya zamani, ambayo stesheni zake karibu zote zimeshahama masafa hayo zikamwachia mkwaruzo mtupu. Waya wa kuingizia ndani niliutoa kwenye king'amuzi kilichokufa. Nikaanza kuamka kabla ya jogoo, nikijifunika blanketi, kwa maana baridi ya Newala mwezi wa Juni si ya kufanyia mchezo, na kusikiliza shhhhh. Vitabu vinasema hiyo shhhhh ni sauti ya nyota za kundi letu zima, jambo ambalo linafariji sana kwa siku ya kwanza. Mkuu wa shule yangu alipita kuniona, akaniuliza kama Jupita yumo kwenye muhtasari wa kidato cha nne. Nikamwambia yumo kidogo. Akasema basi nimsikilize kidogo.

Ikafika Julai, mikorosho imechanua, alfajiri tulivu kabisa, kimya kile cha kwetu cha kila mwaka. Nikawasha redio na kile kitu kikatoka: tratratratra, kikali, mfululizo, kama changarawe zinazomwagwa juu ya bati. Nilikuwa nimesoma kwamba Jupita akichangamka hulia hivyohivyo, kama changarawe juu ya bati. Nikasimama, blanketi likaanguka, nikacheza peke yangu jikoni kama mwali aliyetolewa unyagoni. Kesho yake akaja tena. Keshokutwa akaja tena. Jumapili hakuja, nikasema hali ya anga. Jumatatu akarudi kwa nguvu zote. Jupita gani huyo, mwenye mahudhurio mazuri kuliko nusu ya walimu wetu? Swali hilo sikujiuliza. Mtu aliyepata anachokitaka haulizi maswali, na mimi nilikuwa nimepata.

Nikampandisha Baba Newala. Alikuja amefungwa sweta, koti na shali la mdogo wangu, amenuna, akisema anakuja ili niache kumsumbua. Alfajiri nikamkalisha mezani, nikauweka mkono wake juu ya redio, nikawasha. Tratratratra. Akainamisha kichwa. Akasogea.

"Ndiye?" akauliza.

"Ndiye, Baba."

Alisikiliza mpaka jua lilipokaribia na sauti ikakatika. Kisha akasema bado ana nguvu, yule mzee, na akaomba chai ya rangi. Akainywea uani, amesimama, uso ameuinua juu upande wa magharibi. Nikamshika mabega nikamgeuza mashariki. Akaniambia alikuwa anajua. Aliporudi ndani akaanza kueleza makosa ya namna nilivyoiweka redio mezani bila kitambaa chini, nami nikaingia chumbani nikalia kwa furaha, maana kukosolewa na Baba lilikuwa jambo ambalo sikutegemea kulipata tena.

Yaliyofuata yalipita kiasi. Aliporudi Masasi aliomba viatu vyake vipigwe rangi. Jumapili akaenda kanisani, na wakati wa matangazo akasimama kutangaza kwamba Mshitarii yupo, amemsikia yeye mwenyewe. Watu wakapiga makofi, sijui walidhani ni mhubiri mgeni. Kisha wakaanza kuja watoto wa mtaani jioni, wakakaa barazani, na Baba akawafundisha upya sayari zote, akiwa na kipande cha bati na kopo la changarawe. Alikuwa akimwaga kidogokidogo mpaka aipate ile sauti sawasawa. Mdogo wangu alisema anakula ugali na kuongeza, na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, aliyoletewa na jirani aliimaliza peke yake. Kwenye simu Baba aliniuliza habari za redio kabla ya kuuliza habari za watoto wangu.

Aliniita mama, kama siku zote, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Walimu wengine wote duniani anawaita mwalimu. Hata binti anayefundisha chekechea ya kanisani, aliyemaliza shule juzi tu, ni mwalimu. Mimi na fizikia yangu na mvi zangu ni mama.

Na mkuu wa shule naye, asipitwe, akachapisha bango. Likatundikwa getini, limeandikwa kwamba hii ndiyo shule iliyomsikia Jupita. Akaniita ofisini akanieleza kwa heshima kwamba anategemea kualika mgeni rasmi, na kwa kuwa mgeni huyo haamki mapema, ningeweza kumpanga Jupita kwa saa nne asubuhi? Nikamwambia nitaongea naye.

Mwalimu mpya wa hisabati ndiye aliyeniharibia. Alikuwa ameripoti kwetu wiki hiyohiyo, mtu wa Bukoba, mpole, akaomba aje asikilize. Akaja alfajiri na shikamoo yake, akakaa, akaweka sikio kwenye redio, akakunja uso. Akaniuliza nani huyo mwenye roho mbaya anayenguruma na pikipiki isiyo na ekzosi saa kama hii.

"Pikipiki gani?" nikamuuliza.

"Hiyo hapo nje, mama."

"Ipi?"

Naapa sikuwa nasikia kitu. Mtu wa kwetu hasikii. Kuanzia mikorosho inapotoa maua mpaka inaposhika korosho, kila alfajiri, umande ukiwa bado majanini na upepo haujaamka, watu hutembea mashambani na mota za kupulizia salfa mgongoni ili ubwiri unga usile maua. Mota moja inanguruma hapa, nyingine kule, bonde zima. Sisi tumezaliwa katika ngurumo hiyo, tumenyonyeshwa ndani yake, na kama isingekuwepo siku moja tungeamka kwa mshtuko. Ndicho hicho nilichokuwa nakiita kimya. Baba, kipofu, mwenye masikio yaliyonolewa na giza, alikaa mezani kwangu pale na hakuisikia, kwa sababu naye ni wa hapahapa.

Nje ngurumo ikakatika. Redioni Jupita akakatika.

Tulitazamana. Nilijua kinachoendelea: kijana anayempulizia jirani mikorosho yake amemaliza salfa, anajaza. Nikaomba, kwa kweli niliomba, Mungu anisamehe kwa kumsumbua na jambo kama lile. Nje mota ikakohoa, ikashindwa, ikakohoa tena, ikashika. Redioni Jupita akakohoa, akashindwa, akakohoa tena, akashika. Plagi ya mota hupiga cheche, na kila cheche hurusha mawimbi ya redio. Nayajua hayo. Nayafundisha. Nimewahi kumchapa mtoto alama sifuri kwa kutoyajua.

Jumapili alikuwa kimya kwa sababu jirani yangu ni Mwanglikana safi na Jumapili hapulizi. Nilikuwa nimempata Mshitarii mshika dini.

Jirani nilipomweleza alinipa pole za dhati, akasema angejua angemwambia kijana aanzie miti ya mbali. Kisha akauliza kama ni kweli mota yake imetangazwa kanisani Masasi, na usoni sikuona huzuni hata kidogo. Mkuu wa shule alinisikiliza mpaka mwisho, akatazama bango lake kupitia dirishani, akashusha pumzi.

"Sasa mwalimu," akasema, "kwani Jupita atakuja kukanusha?"

Nilishuka Masasi kumwambia Baba. Ndiyo ilikuwa nia, na nia ilidumu njia nzima mpaka nilipofika uani. Baraza lilikuwa limejaa watoto. Baba alikuwa kati yao, shati limepigwa pasi, kopo mkononi, akimwaga changarawe juu ya bati na sikio limeelekezwa pale, akisema hapana, hivi ni kasi mno, sikilizeni, hivi ndivyo anavyosema. Uso wake ulikuwa uso wa zamani. Nikamsalimia, nikala chakula, nikarudi Newala. Ningemwambia nini? Kwamba kilichomwamsha kitandani ni salfa ya jirani? Akirudi kugeukia ukutani nani angempa kitu kingine? Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumfaa, nacho ni kumtafuta mwenyewe, yule wa kweli, nimlete haraka.

Basi nikajifunza subira kwa nguvu. Safari hii nilifanya kazi kama mtu mwenye akili timamu: nikapiga hesabu za Io yuko wapi na Jupita amegeukia wapi, nikajua ni asubuhi zipi kuna matumaini na zipi ni za kulala. Salfa ikaisha. Mota zikanyamaza moja baada ya nyingine, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikausikia ukimya wa kwetu, nikauona mgeni. Oktoba mabibo, matunda ya mikorosho, yalipoanza kuanguka, hesabu zilionyesha wiki nzuri. Nikampandisha Baba tena, nikamwambia nimemkumbuka tu.

Asubuhi za kwanza hazikutoa kitu, shhhhh tupu, naye akawa anasema pengine mzee amechoka. Halafu akaja. Wala hakuja kwa makelele ya changarawe; vitabu vinampa pia sauti ya pili, ya polepole. Ile shhhhh ilijaa taratibu, ikavimba, ikashuka, ikavimba tena, kama upepo unaovuka shamba la mikorosho na kurudi. Nikatoka nje kukagua. Hakuna mota, hakuna pikipiki, hakuna mtu. Nikahamishia ncha moja ya waya mkorosho wa pembeni, dirishani nikaisikia ikipungua. Nikaurudisha, ikajaa. Nikarudi ndani. Ndiye. Mbali kote kule, na anaingia jikoni kwangu.

Baba alisikiliza, kichwa kimeinama.

"Hii siyo, mama," akasema. "Hii ni redio mbovu tu. Ile ya kwanza ndiyo yenyewe."

Ningeweza kuliacha lipite. Lakini Jupita alikuwa pale pale mezani, anavimba na kushuka, na mwalimu wangu wa kwanza anamwambia siye.

"Baba," nikasema, "ile ya kwanza ilikuwa mota ya salfa ya jirani. Huyu ndiye."

Aliacha mkono juu ya redio mpaka lile wimbi likafifia na kubaki mkwaruzo. Akauliza nimejua lini. Nikamjibu tangu wakati wa maua.

"Na sasa ni mabibo," akasema. Kisha, polepole, "Nimewafundisha watoto wa watu mota."

Akaomba nimrudishe kitandani. Nikampeleka, akalala, akageukia ukutani, nikafunga mlango. Nilikaa jikoni nikijitukana kwa lugha zote za uwanda huu. Nilimchukia Jupita, nilimchukia Io, nilimchukia yule mtu wa Bukoba na masikio yake. Nilikuwa nimemfufua baba yangu kwa uongo na sasa nimemuua kwa kweli, kazi safi kabisa kwa mwenye shahada.

Jua lilipotoka nikasikia kiganja kinapapasa ukuta. Akatokea mlangoni amevaa koti, amevaa na viatu, kimoja hakijafungwa kamba.

"Nishushe Masasi leo," akasema. "Kuna darasa nimelikosesha."

Njia nzima ya kuteremka hakuongea na mimi. Aliongea na pumzi zake. Alivuta hewa, akaiachia kwa meno, akasikiliza, akatikisa kichwa, akarudia. Abiria wa mbele waligeuka mara kwa mara, na mmoja akaninong'oneza niwahi hospitali.

Jioni watoto wakaja barazani, wakagombania kopo. Baba akaliomba, akalimwaga lote uani, changarawe zikatawanyika hadi kwenye mboga za mdogo wangu. Akasimama, ameshika nguzo.

"Ile niliyowafundisha ilikuwa mota ya salfa," akasema. "Mimi nilikosea. Futeni."

Watoto hawakuwa wameandika kitu, lakini wengine wakafuta hewa kwa viganja. Mmoja akauliza, sasa Mshitarii mwenyewe anasemaje? Baba akavuta pumzi. Akaiachia kwa meno, ikajaa taratibu, ikavimba, ikashuka, ikajaa tena, na baraza zima likanyamaza kumsikiliza mzee anayepumua. Alipomaliza akageuza uso kule alikodhani nipo. Hakukosea sana.

"Nimepatia, mwalimu?"

Nilimwambia amepatia. Kisha, kwa kuwa mimi ni mtoto wake, nikamwambia wimbi la mwisho alilivuta mno, arudie.